Riwaya Nyepesi za Kihistoria na Malezi ya Mwalimu Msomaji

Madhumuni ya makala hii ni kuwasaidia wanachuo wanaojiandaa kufundisha katika shule za msingi watambue kwamba kitabu cha kuburudisha nacho ni chombo cha kazi. Tutatumia mfano wa aina moja ya riwaya, yaani riwaya nyepesi zinazosimulia maisha ya Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19. Tutaeleza furaha yake inatoka wapi, tutaonyesha maswali ambayo msomaji makini huiuliza, kisha tutatoa somo la mfano linaloweza kufundishwa katika darasa la sita au la saba.

1. Kwa nini tuzungumzie vitabu vya kuburudisha

Mwanachuo anapoulizwa amesoma nini katika muhula, mara nyingi hutaja vitabu vya mtihani. Ni wachache wanaotaja kitabu walichokisoma kwa sababu tu kiliwafurahisha, na hata hao hukitaja kwa haya, kana kwamba wameiba muda wa kazi.

Haya hiyo ina madhara. Mtoto hujifunza kusoma kwa kufundishwa, lakini hujifunza kupenda kusoma kwa kumwona mtu mzima anayependa kusoma. Mwalimu ambaye hajapata kucheka peke yake juu ya ukurasa, au kuchelewa kuzima taa kwa sababu sura moja imebaki, atawafundisha watoto kutamka maneno, wala hatawapa sababu ya kukifungua kitabu siku ambayo hakuna anayewaamuru. Mtoto wa namna hiyo humaliza darasa la saba akiwa anajua kusoma, na baada ya miaka michache ujuzi wake huchakaa kama jembe lililoachwa mvuani. Samaki mkunje angali mbichi. Lakini anayemkunja sharti naye awe ameonja.

Tumechagua mfano wa mbali kwa makusudi. Hadithi ya kwetu huisoma mtu bila kuona mishono yake, kwa kuwa mila zake anazifahamu tangu utotoni. Hadithi ya ugenini humlazimisha asimame na kuuliza: kwa nini msichana huyu hawezi kutoka nyumbani peke yake? Kwa nini barua hii imechelewa? Maswali hayo ndiyo mwanzo wa kusoma kwa makini.

2. Enzi yenyewe

Mfalme George wa Tatu wa Uingereza alipougua akili asiweze kutawala, mwanawe wa kwanza aliwekwa kuwa kaimu wake mwezi Februari 1811. Ukaimu huo ulidumu hadi mfalme alipofariki mwezi Januari 1820, na kaimu akatawazwa kuwa George wa Nne. Miaka hiyo tisa ndiyo inayoitwa Enzi ya Kaimu wa Mfalme.

Haikuwa miaka ya utulivu. Vita dhidi ya Napoleon viliendelea hadi mapigano ya Waterloo, tarehe 18 Juni 1815. Mafundi wa nguo walivunja mashine zilizowanyang'anya riziki. Mwaka 1815 Bunge lilipitisha sheria ya kuzuia nafaka ya bei nafuu kutoka nje, na mkate wa maskini ukawa ghali. Mwaka 1816 majira ya joto hayakufika, kwa sababu vumbi la volkano ya Tambora, iliyolipuka Indonesia mwaka uliotangulia, lilikuwa limetanda angani, mazao yakaharibika. Mwezi Agosti 1819, askari wa farasi walivamia mkutano wa maelfu ya watu waliodai haki ya kupiga kura katika mji wa Manchester, na watu zaidi ya kumi wakafa.

Juu ya hayo yote, tabaka dogo la makabaila liliendelea kucheza dansi, kuhesabu urithi na kutafutiana wachumba. Tabaka hilo ndilo linalojaza kurasa za riwaya tunazozizungumzia.

Mwandishi aliyeliona tabaka hilo kwa macho yake mwenyewe ni Jane Austen, aliyezaliwa mwaka 1775 na kufariki mwaka 1817. Riwaya zake nne zilitoka kati ya 1811 na mwisho wa 1815, na mbili zaidi zilichapishwa baada ya kifo chake. Yeye hakuandika riwaya za kihistoria. Aliandika juu ya watu wa siku zake. Aliyeijenga riwaya nyepesi ya kihistoria juu ya enzi hiyo ni Georgette Heyer, aliyeishi kati ya 1902 na 1974. Kitabu chake cha kwanza kuhusu enzi hiyo, "Regency Buck", kilitoka mwaka 1935, miaka zaidi ya mia moja baada ya mambo yanayosimuliwa. Waandishi wengi wamemfuata tangu hapo. Mmoja wao ni Julia Quinn wa Marekani, ambaye vitabu vyake kuhusu jamaa ya Bridgerton vilianza kutoka mwaka 2000 na kufanyiwa mchezo wa televisheni kuanzia mwaka 2020. Yamkini baadhi ya wasomaji wetu wameuona mchezo huo kabla ya kusikia jina la kitabu.

3. Furaha yake inatoka wapi

Tukizichambua riwaya hizi tunaona chemchemi tatu za furaha. Ni vema mwalimu azijue, maana atazihitaji atakapowasimulia watoto hadithi yoyote.

Chemchemi ya kwanza ni kanuni. Mchezo wowote hupendeza pale mtazamaji anapozijua sheria zake, na jamii ya makabaila wa Uingereza ilikuwa na sheria tele. Palikuwapo London ukumbi ulioitwa Almack's, ambamo dansi ilichezwa kila Jumatano katika msimu wa sherehe. Fedha pekee haikumwingiza mtu humo. Ilimpasa kwanza apate kibali cha mabibi wachache waliousimamia ukumbi. Na aliyefanikiwa kuingia alikaribishwa kwa vipande vya mkate na siagi, keki kavu, chai na maji ya ndimu! Msomaji akishaelewa kwamba msichana anaweza kukosa mchumba kwa kunyimwa kibali cha kwenda kula mkate mkavu, kicheko chaja chenyewe.

Sheria nyingine ilihusu ndoa. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1753, kijana wa Uingereza aliye chini ya miaka 21 hakuweza kuoa au kuolewa kwa kibali cha kanisa bila idhini ya mzazi. Sheria hiyo haikutumika Scotland. Hivyo wapenzi waliokataliwa walitoroka kwa gari la farasi hadi Gretna Green, kijiji kilicho mpakani tu, zaidi ya kilomita 450 kutoka London. Reli ya abiria haikuwapo bado, wala simu ya upepo. Kwa siku kadhaa baba angeweza kuwafukuza, gurudumu lingeweza kuvunjika, na bibi arusi angeweza kubadili nia. Mwandishi wa hadithi nyepesi hahitaji zawadi kubwa kuliko hiyo.

Chemchemi ya pili ni kinaya, yaani tofauti baina ya lile linalosemwa na lile ambalo msomaji analijua. Wahusika hawa huzungumza kwa adabu nyingi wakati mioyo yao inachemka. Mama anausifu uzuri wa hali ya hewa, na msomaji anajua kwamba hasa anapima utajiri wa kijana aliyeketi mbele yake. Mtoto aliyezoea vitendawili, mafumbo na utani wa babu yake anazo tayari akili za kuionja furaha hii. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha kwamba hupatikana vitabuni pia.

Chemchemi ya tatu ni amani. Msomaji anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba mambo yatakwisha vizuri. Kwa hiyo hasomi ili ajue kama shujaa ataokoka. Anasoma ili aone njia atakayopitia. Baadhi ya watu huita jambo hili udhaifu. Sisi twaona kwamba msomaji mchanga, ambaye kila ukurasa kwake ni mlima, huhitaji ahadi kwamba mlima huo una kilele.

4. Maswali matatu ya msomaji makini

Kufurahi hakuna maana ya kulala. Tunapendekeza kwamba kila riwaya ya kihistoria iulizwe maswali matatu: Nini kilikuwapo kweli? Nini kimebuniwa? Nini kimenyamaziwa?

Tuchukue mfano wa riwaya ya Heyer iitwayo "Arabella", iliyotoka mwaka 1949. Arabella ni binti wa kasisi wa mashambani. Mali hana, na nyumbani kuna wadogo wengi. Anapelekwa London kwa mama yake wa ubatizo ili apate mume. Njiani gari linaharibika, naye anaomba hifadhi katika nyumba ya tajiri mmoja, Bwana Beaumaris. Humo anamsikia mwenye nyumba akidokeza kwamba msichana huyu bila shaka amekuja kuwinda mali yake. Kwa hasira Arabella anajifanya kuwa yeye mwenyewe ni tajiri mkubwa. Uongo huo unamtangulia hadi London, na hadithi nzima ni mahangaiko ya kuubeba.

Katikati ya vichekesho hivyo, siku moja mtoto mdogo aliyejaa masizi anaangukia chumbani mwa Arabella kutoka katika dohani, yaani bomba la kutolea moshi. Ni mmoja wa watoto waliotumiwa kupanda ndani ya mabomba hayo na kuyasafisha. Arabella anakataa kumrudisha kwa bwana wake, na anamtaka Bwana Beaumaris, mtanashati ambaye hajapata kujishughulisha na maskini, amchukue mtoto huyo. Tunacheka kwa kuona uso wa mtanashati. Lakini tumekwisha mwona mtoto.

Sasa tuulize. Nini kilikuwapo kweli? Watoto hao walikuwapo. Sheria ya mwaka 1788 ilikataza kuwatumia wenye umri wa chini ya miaka 8, lakini haikusimamiwa ipasavyo. Wengine walikwama ndani ya mabomba wakafa, wengine waliugua kwa sababu ya masizi. Sheria iliyoimaliza kazi hiyo ilikuja mwaka 1875. Nini kimebuniwa? Arabella, Beaumaris, na bahati ya mtoto mmoja kuangukia chumba cha mtu mwenye huruma. Nini kimenyamaziwa? Wale watoto wengine wote, ambao waliangukia vyumba vya watu waliowarudisha kwa mabwana wao.

Tuendelee na swali hilo la tatu, kwani ndilo zito. Chai ya makabaila ilitiwa sukari. Sehemu kubwa ya sukari hiyo ilitoka katika mashamba ya visiwa vya Karibi, yaliyolimwa na watumwa wenye asili ya Afrika. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini watumwa wa mashamba hayo waliendelea kuwa watumwa hadi sheria ya mwaka 1833 ilipoanza kutumika mwaka 1834. Ina maana kwamba katika Enzi yote ya Kaimu, utumwa ulikuwa halali katika makoloni yake. Jane Austen aliligusa jambo hilo katika "Mansfield Park", riwaya ya mwaka 1814: mwenye jumba kubwa ana shamba Antigua, na msichana wa nyumbani mwake anapouliza juu ya biashara ya watumwa, jamaa wote wanakaa kimya. Waandishi wengi wa riwaya nyepesi waliofuata hawakuuvunja ukimya huo.

Kadhalika, mwandishi hujiandika na kipindi chake. Katika "The Grand Sophy", riwaya ya mwaka 1950 inayochekesha sana, Heyer amemchora mkopeshaji fedha wa Kiyahudi kwa dharau ya kibaguzi. Kurasa hizo hazitufundishi Wayahudi walivyokuwa. Zinatufundisha dhana mbovu ambazo mwandishi hodari aliweza kuzibeba. Mwalimu atakayekisoma kitabu hicho anaweza kuicheka mizaha ya Sophy na kuikataa dharau hiyo katika usomaji uleule mmoja. Huo ndio ukomavu tunaoutaka.

5. Je, si kasumba?

Wapo watakaouliza: mwalimu wa Kiafrika ana haja gani na anasa za makabaila wa Uingereza? Swali ni la haki, na tusilikwepe.

Tunajibu hivi. Kasumba haimo katika kitabu peke yake. Imo katika kusoma bila kuuliza. Anayesoma juu ya dansi za London akatamani tu kuwa kabaila amepata kasumba. Anayesoma akauliza nani aliyezifua nguo hizo, nani aliyelima sukari hiyo, na kwa nini msichana mwenye akili hakuwa na njia ya kujitegemea isipokuwa kuolewa, amepata elimu. Katika Uingereza ya wakati huo, mali ya mwanamke aliyeolewa iliangukia kwa jumla mikononi mwa mumewe, hali iliyoanza kubadilishwa na sheria za 1870 na 1882. Ukilijua hilo, hadithi ya kutafuta mume haibaki kuwa upuuzi: msichana anachagua mtu atakayeyashika maisha yake. Wepesi wa riwaya hizi umekaa juu ya jambo zito, kama ngalawa juu ya maji ya kina kirefu.

Tena, kulinganisha kunatufumbua macho. Kwetu mahari hutolewa na upande wa mwanamume. Katika riwaya hizi binti ndiye aliyetazamiwa kwenda kwa mumewe na mali. Mwanafunzi asipoelezwa tofauti hiyo hataelewa kwa nini msichana asiye na fedha ana wasiwasi. Akielezwa, ataanza kuyatazama upya hata yale aliyoyazoea nyumbani.

Mwalimu pia awaonyeshe watoto kwamba historia haikutendeka Ulaya peke yake. Achore mstari wa wakati ubaoni. Juu ya mstari aandike 1811, 1815 na 1820. Chini yake aandike kwamba katika miaka hiyohiyo Seyyid Said bin Sultan, aliyeshika utawala wa Oman mwaka 1806, alikuwa akieneza nguvu zake katika pwani yetu, na kwamba Muyaka bin Haji alikuwa akitunga mashairi Mombasa. Mwaka 1822 Seyyid Said na Waingereza walitia sahihi mkataba wa kupunguza biashara ya watumwa. Pande mbili za mstari zinakutana.

6. Somo la mfano

Darasa: la sita au la saba. Muda: vipindi viwili. Shabaha: mwanafunzi aweze kutofautisha jambo la kweli, jambo la kubuni na jambo lililoachwa katika hadithi ya kihistoria; kisha atunge hadithi fupi yenye furaha kuhusu zamani za mahali pake.

Hatua ya kwanza. Mwalimu asimulie kwa Kiswahili tukio la mtoto wa dohani. Asisome, asimulie, kwa sauti na ishara. Kabla ya kuanza achore ubaoni nyumba yenye dohani, kwa sababu watoto wengi hawajapata kuiona. Asizuie kicheko.

Hatua ya pili. Agawe ubao katika safu tatu: Kilikuwapo, Kimebuniwa, Kimenyamaziwa. Wanafunzi waseme kila jambo liwekwe wapi na watoe sababu. Wakibishana, awaache wabishane kwa muda. Ubishi wenye sababu ni dalili kwamba somo linakwenda.

Hatua ya tatu. Kabla ya kipindi cha pili, kila mwanafunzi amuulize mzee mmoja maswali matano kuhusu ujana wake: watu walisafirije, habari zilifikaje, walivaa nini, nani aliruhusiwa kuingia wapi, na jambo gani lilichekesha. Maswali manne ya kwanza huleta kanuni. La tano huleta furaha.

Hatua ya nne. Katika kipindi cha pili wanafunzi waandike hadithi ya ukurasa mmoja. Iwe na mhusika wa kubuni, angalau mambo matatu ya kweli kutoka kwa mzee, tatizo linalotokana na kanuni za wakati ule, na mwisho mwema. Chini ya hadithi waandike sentensi moja: "Jambo ambalo sikulieleza ni hili."

Sentensi hiyo ndiyo moyo wa somo. Mtoto aliyeandika kwa mkono wake lile aliloliacha hatasoma tena kitabu chochote, wala kusikiliza hotuba yoyote, bila kujiuliza mwenzake naye ameacha nini.

7. Ushauri kwa mwanachuo

Tunamshauri kila mwanachuo ajiwekee saa chache kwa juma za kusoma kitabu ambacho hakitatahiniwa. Si lazima kiwe cha Uingereza. Mfano wetu ni mfano tu. Akichagua Heyer, Kiingereza chake kina misimu mingi ya wakati ule. Asifungue kamusi kwa kila neno. Asome aya nzima, akisie maana, aendelee. Hivyo ndivyo wanafunzi wake watakavyofanya na Kiswahili cha vitabu, na afadhali aionje njia hiyo kabla ya kuwapitisha wengine. Awe na daftari. Heyer mwenyewe aliweka madaftari ya mavazi, bei na maneno ya enzi aliyoiandikia, na wepesi wa hadithi zake ulitokana na kazi hiyo nzito.

Kisha, siku moja kwa juma, achukue kitabu chake aingie nacho darasani na kusoma kimya mbele ya watoto wakati wao nao wanasoma. Asijifanye. Akifika mahali pa kuchekesha, acheke. Watoto watataka kujua kuna nini humo.

Maswali ya kujadiliana

1. Chagua hadithi moja ya kihistoria ya Kiswahili unayoipenda. Iulize maswali matatu yaliyotajwa katika sehemu ya 4.

2. Taja kanuni mbili za mahali pako, za zamani, zinazoweza kuzaa hadithi ya kuchekesha bila kumdhalilisha mtu.

3. "Kitabu chenye mwisho mwema humdanganya mtoto." Jadili, ukitoa mifano kutoka katika usomaji wako mwenyewe.

4. Andaa somo la kipindi kimoja la kuwaeleza wanafunzi wa darasa la sita tofauti baina ya kusimulia yaliyopita na kuyabuni.